La Ishirini na Moja: Bi Ndinda Musyoka Anapoagana na Ghala la Makumbi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi Ndinda Musyoka atatundika koti lake la kazi kwenye msumari wa ghala kwa mara ya mwisho, baada ya kuutumikia Ushirika wa Makumbi Kakuyuni kwa miaka thelathini na moja na miezi minane. Katika muda huo wote amechelewa kazini mara mbili tu: siku mto Sabaki ulipofurika naye yuko ng'ambo, na siku tuktuk aliyopanda ilipogongana na punda. Hayo yamo katika faili yake. Nimeipekua faili hiyo mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, nikitumaini kukuta mara ya tatu, na haimo.

Niseme mapema tusije tukahadaana. Mimi, Randu Nyale, katibu wa Ushirika huu, nimeagizwa na Mwenyekiti wetu, Mzee Kombe, niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la wafanyakazi na sherehe ya Ijumaa. Alinichagua kwa kuwa naandika vizuri, na hapo hakukosea. Asilolijua ni kwamba mwanamke huyu nimemwonea wivu kwa miaka ishirini na miwili, wivu wa kuamka nao na kushinda nao. Sasa atakuwa amejua, na nyinyi wote pia.

Lipo na swali ambalo kila mgeni huuliza akiingia ghalani. Ukutani pana ubao wenye majina ishirini ya watu walioshinda kesi ya bei. Jina la Bi Ndinda halimo. Wageni huuliza kwa nini, na sisi huwa tunakohoa na kuwaonyesha mashine. Ijumaa wageni watakuwa wengi na ubao utakuwa mbele ya macho yao, kwa hiyo swali hilo nitalijibu humu humu, kabla hawajaja.

Kwanza kazi yake. Bi Ndinda alishuka kutoka Kitui mwezi Machi 1994, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, na begi moja, na Kiswahili cha bara ambacho kina mama wa hapa walikicheka mpaka wakakipenda. Aliajiriwa kufagia vumbi. Mwezi wa pili karani wa mapokezi akaugua, yeye akashikishwa kalamu, na kalamu hiyo hakuirudisha tena.

Kwa wasomaji wa mbali, kumbi ni lile vazi la nje la nazi. Nazi ikishafuliwa, wengi hulitupa. Sisi hulinunua kwa wakulima, tukaliloweka na kulipiga mpaka litoe usumba wa kujazia magodoro na kusokotea kamba, na vumbi lake huuzwa kwa wenye vitalu vya miche. Hatununui kwa kilo, maana kumbi likinyeshewa huwa zito mara tatu, na likianikwa huna unachopima. Tunanunua kwa korija, yaani fungu la makumbi ishirini yaliyofungwa pamoja. Kazi ya Bi Ndinda ilikuwa kukaa mlangoni, kupokea mafungu na kuandika stakabadhi.

Kazi hiyo aliifanya kwa namna iliyonichosha roho. Alijua nani ana mjukuu mgonjwa, nani amefiwa Ganze, nani mnazi wake umeingia mdudu. Alijifunza Kigiriama kwa kusahihishwa na wauzaji wenyewe, na hadi leo anakizungumza kwa lafudhi ya kwao, lakini bibi zetu humwitikia vizuri kuliko wanavyoniitikia mimi niliyenyonya lugha hiyo. Mamangu mzazi akija ofisini kunijulia hali, huanzia mlangoni kwa Ndinda. Akifika kwangu huwa ameshakunywa chai, na habari zote ameshazimaliza huko. Hata mke wangu, Cynthia, ambaye hajawahi kuniuliza kazini nafanya nini, alinituma siku moja nimuulize Bi Ndinda muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kwao Kitui, hupikwaje usishikane. Niliuliza. Nikajibiwa kwa ukarimu, na nikapewa na bakuli la kwenda nalo nyumbani. Ulikuwa mtamu, jambo lililozidi kuniudhi.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 ikatujia amri ya bei. Ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, ukurasa mmoja na nusu, nasi tukaisikia redioni kama watu wengine. Ilisema kwamba masalio ya mazao, yakiwemo makumbi ya nazi, mashudu ya pamba na maganda ya korosho, yasiuzwe kwa zaidi ya bei iliyopangwa, na yauzwe kwa kilo, yakiwa makavu. Tuliambiwa nia ni kuwanusuru wakulima na wanunuzi kutoka mikononi mwa walanguzi. Walanguzi wenyewe hatukuwaona. Tulichokiona ni mama wa Kakuyuni akileta mkokoteni mzima wa makumbi na kurudi nyumbani bila hata senti ya kumpa mwenye punda. Wiki ya tatu makumbi yakaanza kuchomwa shambani, na mashine yetu ya usumba ikasimama. Familia mia tatu zilikuwa zinayategemea makumbi yale kwa unga na karo.

Wazo la kwenda mahakamani lilikuwa langu. Nimemwomba mchapaji sentensi hiyo aipige kwa herufi nene, na kama hakufanya hivyo basi isomeni mara mbili. Mimi ndiye niliyeisoma amri ile nikaona mashimo yake. Mimi ndiye niliyepanda gari kwenda Malindi kumtafuta Wakili Dzombo. Hoja zetu zilikuwa tatu: wananchi hawakuulizwa, sheria inampa Waziri mamlaka juu ya mazao yaliyoorodheshwa tu ilhali makumbi hayamo, na bei ya kilo haiwezi kutumika katika biashara isiyopimwa kwa kilo. Wakili aliandika ombi, nami nikala kiapo juu ya hati ya kurasa arobaini na moja niliyoiandika kwa wiki tatu. Mpaka leo naiona ni kazi nzuri, ukiacha mstari mmoja.

Mstari huo uko ukurasa wa sita. Niliandika kwamba Ushirika hununua makumbi kwa korija, na korija ni makumbi ishirini. Basi. Mtu mgeni asingelifanya kosa lile, kwa sababu angeuliza. Mimi nimezaliwa huku. Najua, kama anavyojua kila aliyewahi kubeba makumbi hapa kwetu, kwamba muuzaji akishafunga ishirini yake huja na moja jingine mkononi, akaliweka kando ya mlango. Hilo huitwa la mlangoni. Halitajwi, kama vile mtu akikuambia jana alikula wali hakutajii chumvi. Kwa hiyo sikulitaja. Lakini stakabadhi zetu zilikuwa zinalitaja, kwa sababu zilikuwa zinaandikwa na Bi Ndinda, ambaye huandika kila anachokiona.

Siku ya kusikizwa Mahakama Kuu ya Malindi, wakili wa serikali alisimama, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Akainua hati yangu, akasoma: ishirini. Akainua stakabadhi zetu, akasoma: ishirini na moja, ishirini na moja, ishirini na moja, mpaka nikatamani sakafu ipasuke. Akasema hapa mbele ya mahakama pana Ushirika unaokula kumbi moja la mnyonge katika kila korija, mwaka nenda mwaka rudi, halafu katibu wake anakula kiapo kwamba halipo. Akasema kama serikali ilihitaji sababu ya kupanga bei ili kumlinda mkulima, basi sababu imeletwa na wadai wenyewe. Jaji akavua miwani yake. Wakili Dzombo akanigeukia mimi, nami nikageukia dirisha.

Jaji aliahirisha kesi hadi Alhamisi iliyofuata, akaruhusu tulete shahidi mmoja wa kulieleza jambo hilo. Nje ya mahakama nilijitolea mimi. Kina mama waliokuja na sisi walinitazama kwa huruma, kisha Mama Kahonzi, ambaye ametuuzia makumbi tangu mimi niko shule ya msingi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba aende Ndinda. Hakuna aliyebisha. Mimi nilibisha kidogo.

Alhamisi nilivaa suti. Bi Ndinda alikuja kwa tuktuk kutoka Kakuyuni, amevaa koti lake la kazi, na korija nzima ya makumbi ameipakata mapajani. Karani wa mahakama alilalamika kuhusu vumbi. Akaambiwa na jaji aiache iingie, ni kielelezo.

Aliapa, kisha akaeleza kwamba yeye naye alipofika Kakuyuni aliona ni wizi. Miezi mitatu ya kwanza ya kushika kalamu alikuwa akilirudisha lile kumbi la ziada kwa mwenyewe, akidhani anatenda haki, na kina mama wakawa wanaondoka wamenuna, wengine wakaacha kumsalimia. Hatimaye Mama Kahonzi alimketisha akamweleza. Katika makumbi ishirini huwa hakukosi moja bovu, lililooza kwa ndani, na mwenyewe mara nyingi hajui. Kulitafuta inabidi fungu lifunguliwe mlangoni, watu wanatazama, na muuzaji aaibike kwa kitu ambacho pengine si kosa lake. Kwa hiyo anatanguliza la ishirini na moja kufidia lile bovu, na fungu halifunguliwi. Ikionekana baadaye ndani kwamba yote yalikuwa mazima, la mlangoni huwekwa kwenye lundo la nje, na muuzaji yeyote mwenye msiba au harusi huja kuchukua kuni za kupikia, bure, bila kuulizwa. Kulikataa, Mama Kahonzi alimwambia, ni kumwambia mtu kwamba utamfungulia fungu lake.

Kisha Bi Ndinda akamwomba wakili wa serikali, kwa adabu zote, amtafutie lile bovu katika fungu alilolileta. Yule bwana akapiga magoti katika suti yake. Aligeuza, akanusa, akabonyeza, mikono ikawa kahawia, akapiga chafya mara nne, na mwisho akachagua moja kwa matumaini. Lilikuwa zima. Bi Ndinda akanyoosha mkono, akachukua la kwanza kabisa, lile lililokuwa juu ya yote na zuri kuliko yote kwa sura, akalibonyeza kwa dole gumba likazama mpaka kwenye fundo. Watu walicheka, na jaji akainama kuandika kwa muda mrefu.

Hukumu ilitoka Februari 2022. Amri ya bei ilibatilishwa, kwa upande wa makumbi, kwa sababu wananchi hawakuulizwa. Jaji alisema ushahidi wa karani wa mapokezi ulionyesha wazi kile ambacho wizara ingekijua kama ingeuliza, na akautaja kwa aya mbili nzima. Hati yangu ya kurasa arobaini na moja ilitajwa mara moja, ikaitwa yenye upungufu. Mashine ya usumba iliwashwa Jumatatu yake, na mikokoteni ikajipanga kuanzia asubuhi mpaka barabarani.

Tangu siku hiyo mimi si mtu. Picha iliyotoka gazetini ilimwonyesha Bi Ndinda kwenye ngazi za mahakama amekumbatiwa na kina mama, na ukingoni kuna kiwiko cha suti. Kiwiko hicho ni changu. Sokoni Malindi watu wasionifahamu hunipa salamu nimpelekee. Hoteli moja ya Watamu ilimwalika kuwaeleza wageni wake habari za makumbi, akapewa chakula cha mchana na kofia, na kofia hiyo aliivaa kazini mwezi mzima. Ilimpendeza. Nilikuwa nikiitazama nikihisi moto hapa kifuani, mtu mzima mwenye wajukuu wawili.

Sasa ubao. Machi mwaka ule Kamati iliamua majina ya walioshinda kesi yaandikwe ukutani, na kwa heshima ya biashara yetu yawe korija moja, majina ishirini. Niliagizwa mimi niyaorodheshe. Nilianza na jina langu, juu kabisa. Nikaandika la Mwenyekiti, la Wakili Dzombo, la wanakamati, la fundi wa mashine, hata la dereva ambaye muda wote wa kesi alikuwa likizo kwao. Nilipofika kumi na tisa nilibakiwa na nafasi moja na jina moja lililostahili. Kisha nikaandika jina la bwana aliyetukodishia viti siku ya sherehe ya ushindi.

Mzee Kombe aliposoma orodha aliuliza Ndinda yuko wapi. Nilimwambia kwamba mwenyewe ameomba asiandikwe, eti hapendi makuu. Huo ulikuwa uongo. Hakuwahi kuombwa wala hakuwahi kuomba. Mzee Kombe alitikisa kichwa kwa kumstahi, akamsifu kwa unyenyekevu mbele ya mkutano mzima, na Bi Ndinda alikuwa ameketi pale pale safu ya pili. Alisikia kila neno. Akanitazama mara moja, si kwa hasira, kisha akaendelea kukunja leso yake.

Msumari wa koti lake uko chini ya ubao ule. Kwa miaka mitatu na miezi minane amepita hapo kila asubuhi na kila jioni, na hakuniuliza, wala hakumwambia mtu. Nilijua hakumwambia mtu kwa sababu kina mama bado walikuwa wananisalimia. Mwaka jana tu, msimu wa mvua, alikuja ofisini kwangu. Nikajua siku imefika. Nikaweka kalamu chini. Alichokuja kusema ni kwamba unyevu umeanza kula rangi ya ubao, na jina langu, kwa kuwa ni la juu, linabanduka. Alikuwa amekuja na kopo dogo la rangi. Alisimama juu ya kiti akaipitia ile R pole pole, kisha herufi zilizobaki, mpaka jina likang'aa. Nami nilikishika kiti.

Basi wageni wa Ijumaa wakiuliza, jibu ni hilo. Si unyenyekevu wake, ni wivu wangu. Na lile kosa la ukurasa wa sita, ambalo wengi mmekuwa mkimtwika Wakili Dzombo kwa kuwa mimi niliwaacha mkaamini hivyo, lilikuwa langu vilevile. Mzee Kombe, samahani. Umelisoma hili kwanza humu kwa sababu ana kwa ana ningekudanganya tena.

Jumanne iliyopita nilimwita fundi wa rangi. Kamati, ikitaka tu kumuenzi anapostaafu na bila kujua haya, iliniambia nifute jina la yule bwana wa viti nimpe Bi Ndinda nafasi yake, nami nimekataa. Majina ishirini yamebaki kama yalivyo. Jina lake limeandikwa peke yake, nje ya ubao, kando ya mlango, mahali anapokaa kila siku. Ni la ishirini na moja. Wageni kutoka mbali huenda wasielewe, lakini kila aliyewahi kuleta makumbi hapa atakapoliona jina mlangoni atajua lipo kwa kazi gani, na atageuka kutafuta lile bovu katika yale ishirini. Msihangaike. Ni la juu kabisa, lenye rangi nzuri.

Bi Ndinda hatuondokei mbali. Kule kwake Magarini ana minazi arobaini aliyoipanda mwenyewe, imeshaanza kuzaa, na nimeiona, na nimeionea wivu nayo. Kwa niaba ya Mwenyekiti, Kamati, wafanyakazi na wauzaji wote wa Kakuyuni, tunakushukuru, Bi Ndinda, kwa miaka yako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, wajukuu wenye adabu, na mvua kwa wakati wake. Mpaka Kamati itakapopata karani mwingine, mlangoni nitakaa mimi. Utakapotuletea korija yako ya kwanza, njoo na ishirini tu. La mlangoni nitaliweka mimi.